Gemu za Zamani kwenye Tele za Likasi: Namna ya Kupata Picha Safi

Mtu akinunua PlayStation 2 iliyotumika huko Likasi, Kongo, na kuichomeka kwenye tele bapa ya inchi 32, mara nyingi hujuta ndani ya dakika chache. Nyasi za uwanja zimegeuka ukungu wa kijani, majina ya wachezaji hayasomeki, mpira ukienda kasi unaburuta mkia, na kidole kikibonyeza pasi, mguu kwenye skrini unachelewa kuitika. Mashine hurudishwa kwa muuzaji kwa ugomvi, au hupelekwa kwa fundi ikafunguliwa bure. Mara nyingi mashine ni nzima na tele ni nzima. Hitilafu iko katikati yao: kwenye waya, kwenye tundu lililochaguliwa, au kwenye menyu ambayo hakuna aliyewahi kuifungua.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata faranga moja, itazame picha yenyewe na ujiulize ni mbovu kwa namna gani. Picha isiyo na rangi ina sababu zake. Yenye ukungu ina zake, na yenye mistari inayopanda polepole kutoka chini ina zake tena. Anayesema tu kwamba "picha ni mbaya" atauziwa waya asiouhitaji.

Picha isiyo na rangi

Lalamiko linalowachanganya watu zaidi ni picha ya nyeusi na nyeupe. Gemu inacheza, sauti ipo, rangi hakuna. Likasi ina sababu ya kihistoria ya kukumbwa na jambo hili. Tele za zamani ziligawanyika katika mifumo mitatu ya rangi: NTSC ya Marekani na Japani, PAL iliyobuniwa Ujerumani, na SECAM ya Ufaransa. Ubelgiji, iliyoitawala Kongo, ilichagua PAL. Lakini Kongo ya miaka ya 1970, wakati huo ikiitwa Zaire, iliwategemea Wafaransa katika kujenga mitambo yake mikubwa ya televisheni, na nchi ikaingia kwenye SECAM, katika aina inayoitwa K1. Nchi za kusini na mashariki yake, kuanzia Zambia hadi Tanzania, Kenya na Uganda, zilishika PAL. Hata Zanzibar, iliyoanza televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970 wakati nchi nyingi za Afrika hazijafikiria kufanya hivyo, ilitumia PAL.

Sasa fikiria njia ambayo mashine za gemu hupita kufika Likasi. Nyingi huingilia mpaka wa Kasumbalesa, zikitokea Zambia, Afrika Kusini au bandari ya Dar es Salaam. Nyingine hutoka Dubai. Zile ndogo za bei nafuu ni nakala za Kichina za Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Karibu zote hutoa PAL au NTSC. Mashine ya gemu inayotoa SECAM ni adimu mno. Hata Ufaransa yenyewe ililikwepa tatizo hilo: tangu mwaka 1980 tele zilizouzwa kule zililazimika kuwa na tundu pana la Péritel, na mashine za gemu zikawa zinapeleka rangi nyekundu, kijani na bluu moja kwa moja kupitia tundu hilo, bila kuingia kwenye SECAM kabisa.

Tele ya zamani iliyonunuliwa kwa ajili ya kutazama kituo cha taifa ikipokea PAL huelewa mwanga na giza peke yake, rangi huiacha. Haijaharibika. Chukua rimoti utafute kitufe au mstari wa menyu ulioandikwa "System", "Colour" au "Système couleur". Tele nyingi za chogo, zile zenye mgongo mkubwa, zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 kwa ajili ya Afrika na Mashariki ya Kati zinakubali mifumo yote mitatu. Ziweke kwenye "Auto". Rangi isipokuja, jaribu PAL, kisha NTSC 3.58, kisha NTSC 4.43. Kama tele haina chaguo hilo na haina Péritel, basi ni ya SECAM peke yake, na dawa yake ni kutafuta tele nyingine, wala si kumlipa fundi aifungue.

Wanaounganisha mashine za Kichina kupitia tundu la antena hukutana na kisa cha pili: picha nzuri, sauti hakuna, ila mvumo tu. Katika K1, sauti husafiri megahezi 6.5 kutoka kwenye picha. Katika PAL ya Kenya na Zambia ni 5.5, na Afrika Kusini ni 6.0. Tele inaitafuta sauti mahali isipokuwapo. Baadhi ya tele zina mstari wa kuchagua B/G, I au D/K, hivyo jaribu kila kimoja hadi mvumo uishe. Lakini kama mashine ina matundu ya njano na nyeupe, achana na antena moja kwa moja. Antena ndiyo njia mbovu kuliko zote, kwa picha na kwa sauti.

Kwenye tele bapa, picha isiyo na rangi mara nyingi ina sababu nyingine, na ni rahisi kuiona ukigeuza tele. Angalia mgongoni: kuna safu ya matundu ya kijani, bluu na nyekundu, kisha nyeupe na nyekundu ya sauti. Tundu la njano halipo. Ukitazama kwa karibu zaidi, pete ya lile tundu la kijani huenda imepakwa nusu kijani na nusu njano, au pembeni yake pameandikwa "Video" kwa herufi ndogo sana. Maana yake tundu hilo linafanya kazi mbili. Plagi ya njano inaingia humo, lakini ni lazima pia uchague "AV" kwenye orodha ya vyanzo vya tele, usichague "Composante" wala "YPbPr". Ukikosea hapo, plagi iko mahali pake na picha inatoka bila rangi hata moja.

Tele nyembamba zaidi zina tundu dogo la duara, kama la kichwani, na huuzwa na kipande cha waya chenye matundu matatu. Kipande hicho kikipotea, usinunue chochote kinachofanana nacho. Mpangilio wa ndani hutofautiana kati ya watengenezaji: ukikosea, picha huenda kwenye spika na sauti kwenye skrini, na utasikia mlio mkali huku picha ikiyumba. Kabla ya kukitupa, jaribu kuhamisha plagi ya njano kwenye tundu jekundu au jeupe la kipande hicho. Mara nyingine hilo linatosha.

Ukungu, meno ya msumeno na kuchelewa

Hapa ndipo penye shida kubwa, na ndipo watu wanapoilaumu mashine bila haki. Famicom huchora picha yenye nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Mega Drive ya Sega, ya mwaka 1988, hufika 320 kwa 224. Gemu nyingi za PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, ziko kwenye vipimo hivyohivyo. Tele ya Full HD ina nukta 1920 kwa 1080. Gawanya 1080 kwa 240: jibu ni nne na nusu. Ile nusu ndiyo inayoleta ukungu, kwa sababu nukta ya skrini haigawanyiki, kwa hiyo tele inachanganya rangi za mistari jirani ili kuziba pengo. Tele nyingi za inchi 32 zina mistari 768, na hesabu yake ni mbaya vilevile: tatu nukta mbili.

Tatizo la pili limejificha zaidi. Matangazo ya zamani yalituma kila picha kwa nusu mbili, kwanza mistari ya witiri na kisha ya shufwa. Watengenezaji wa mashine za kale walifanya ujanja: walituma mistari 240 ileile kila mara, picha nzima, isiyo na nusu ya pili. Tele ya chogo hulipokea jambo hili bila taabu. Tele bapa nyingi hudhani zimepokea nusu ya matangazo, zikaanza kuunganisha nusu ambazo si nusu. Dalili yake ni hii: mhusika akipigwa, anatakiwa kumetameta haraka, lakini kwenye tele bapa hutoweka kabisa au hubaki kama kivuli. Vivuli chini ya magari na wapiganaji hufanya vivyo hivyo. PlayStation 2 yenyewe hutuma nusu mbili za kweli katika gemu zake nyingi, kwa hiyo tatizo lake ni tofauti: mistari ya uwanja inapata meno kama ya msumeno kila kamera inaposogea.

Kazi yote hiyo ya kuunganisha na kukisia huchukua muda. Katika mfumo wa picha 60 kwa sekunde, kila picha hukaa milisekunde zipatazo 17. Tele iliyowashwa mapambo yake yote inaweza kuchelewesha picha kwa milisekunde 100, yaani picha sita nzima. Katika penalti, hiyo ndiyo tofauti ya kipa kudaka na kipa kuruka upande mtupu.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Fungua menyu ya picha, chagua "Mode jeu". Chaguo hili mara nyingi hujificha mbali na mengine, na kwenye tele fulani hupatikana tu ukiwa tayari umechagua tundu la gemu, si kituo cha matangazo. Zima "Réduction du bruit" na chochote kinachodai kulainisha mwendo. Punguza "Netteté" hadi karibu na sifuri. Ushauri huu hupingwa sana, kwa sababu mtu huona ukungu na kutaka kuongeza ukali, lakini ukali huo wa tele hauongezi habari yoyote kwenye picha: huchora kingo nyeupe kuzunguka kila umbo na kuufanya uchafu wa waya uonekane zaidi. Jaribu uone mwenyewe kwenye maandishi ya alama za mchezo. Kisha bonyeza kitufe cha umbo la picha, chagua 4:3. Gemu hizi zilichorwa kwa skrini hiyo. Ukizivuta zijaze tele yote, wachezaji wananenepa na ukungu unaongezeka kwa upana.

Ikiwa bado kuna mistari myeusi juu na chini, na mwendo unaonekana mzito, chunguza diski. Gemu za PAL huenda kwa picha 50 kwa sekunde, za NTSC kwa 60. Kampuni nyingi zilizihamisha gemu zao kuja PAL kivivu, zikapungua kasi kwa karibu asilimia 17 na kuacha nafasi tupu juu na chini. Baadhi ya gemu za PlayStation 2 huuliza mwanzoni kama unataka 50 au 60. Chagua 60. Picha ikitulia, iache hivyo daima.

Waya na vikasha

Ule waya wa njano hubeba mwanga na rangi zote zikiwa zimechanganywa pamoja, na tele inapaswa kuzitenganisha upya. Haifaulu kikamilifu, ndiyo sababu kingo nyekundu huvuja na maandishi madogo hutetemeka. Kwa mwenye PlayStation 2, hakuna pesa inayofanya kazi nzuri kuliko ile ya kununua waya wa plagi tano: kijani, bluu na nyekundu kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Kabla ya kuuchomeka, washa mashine bila diski ukitumia waya wa zamani, ingia kwenye mipangilio ya mfumo, tafuta mstari wa "Component Video Out", uhamishe kutoka RGB kwenda "Y Cb/Pb Cr/Pr". Wengi huruka hatua hii, wakapata picha ya kijani kibichi au giza, wakarudisha waya mzuri dukani. Kwa waya huo baadhi ya gemu hukubali kutuma picha nzima badala ya nusu mbili. God of War ya mwaka 2005 ina chaguo hilo kwenye menyu yake, na Gran Turismo 4 ya toleo la Marekani inalo pia.

Chunguza waya wenyewe kabla ya kulipa. Inasikitisha kwamba mji uliolishwa na shaba kwa karne nzima, wenye mitambo ya Shituru inayoonekana kwa mbali, huuziwa nyaya ambazo ndani yake ni chuma au aluminiamu iliyopakwa shaba kidogo. Kuna jaribio jepesi: weka sumaku ndogo kwenye nyuzi za waya uliokatika. Ikinata, ndani kuna chuma. Waya mwembamba kupita kiasi, usio na wavu wa chuma kuuzunguka ule wa kati, huokota kelele za kila kifaa cha karibu.

Halafu kuna vikasha vya kugeuza njano kuwa HDMI. Ni vya bei nafuu, na kwa tele isiyo na matundu ya zamani huenda visiepukike, lakini usitarajie picha ya kupendeza. Vingi vinaivuta picha kwa upana, vinakosea ile hesabu ya mistari 240 kama tele zinavyokosea, na kuongeza ucheleweshaji wao juu ya ule wa tele. Kwa PlayStation 2 vipo vijiti vidogo vinavyochomekwa moja kwa moja nyuma ya mashine na kutumia ishara ya rangi zilizotenganishwa. Hivyo ni bora kuliko kikasha cha njano. Wanaotaka picha safi kweli duniani hununua vifaa kama OSSC, kilichobuniwa na Markus Hiienkari wa Ufini, au vile vya RetroTINK, ambavyo vinaielewa mistari 240 na kuizidisha ipasavyo. Bei yake haimfai mwenye chumba cha michezo cha mtaani. Njia ya katikati, inayomfaa fundi kijana mwenye mkono mzuri wa kuchomelea risasi, ni bodi ya GBS-8200 iliyowekwa programu huria ya GBS-Control. Bodi hiyo ni ya bei ndogo, na ukiifunga vizuri hufanya kazi inayokaribia ya vifaa vya gharama.

Hata hivyo, picha kali mno si mara zote ile aliyoikusudia mchoraji. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari ya wima inayopishana. Kwenye waya wa njano na tele ya chogo mistari hiyo huyeyukiana, na maji yanaonekana kama kioo, mtu unamwona ndani yake. Kwenye waya safi na skrini bapa unaona uzio. Mwenye Mega Drive asione aibu kubaki na waya wa njano.

Umeme

Likasi imepata umeme wa maji kwa muda mrefu: bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira limekuwa likizalisha tangu 1930, kwanza kwa ajili ya madini. Lakini umeme unaofika kwenye soketi ya nyumba ya Kikula au Panda jioni, saa ambayo kila mtu amewasha jiko, si volti 220 kamili. Tele ya chogo huonyesha hilo waziwazi: picha husinyaa pembeni na kupoteza mwanga. Hapo usiguse mipangilio, bali tafuta stabilisateur yenye uwezo wa kubeba tele na mashine pamoja.

Ukiona pazia pana la giza linalopanda polepole, chomoa kwenye tele kila kitu isipokuwa gemu: dekoda, amplifaya, redio. Pazia likitoweka, vifaa hivyo vinagombana kupitia nyaya zao. Vichomeke vyote kwenye rallonge moja. Lisipotoweka, shuku adapta ya mashine, hasa ikiwa si yake ya asili. PlayStation 2 nyembamba inataka volti 8.5, na adapta ya 12 inayoingia vizuri kwenye tundu lake inaweza kuiua. Mashine iliyotoka Japani imetengenezwa kwa volti 100. Usiichomeke ukutani bila kifaa cha kupunguza, hata kwa kujaribu tu. Na ukicheza kwa betri na inverter ya bei nafuu, nukta na mistari midogo inayotambaa kwenye picha inatoka kwenye inverter hiyo. Hakuna waya utakaoiondoa.

Tele ya chogo isitupwe

Kila anayependa gemu hizi anapaswa kuzililia tele za chogo zinazotupwa. Hazihitaji kukisia mistari, hazichelewi, na ndizo pekee zinazofanya bastola ya Duck Hunt ifanye kazi, kwa kuwa bastola hiyo husubiri mwanga wa skrini kwa wakati maalumu sana ambao tele bapa haiwezi kuufikia.

Mabaka ya zambarau au kijani kwenye kona za tele kama hiyo huletwa na sumaku, na katika vyumba vya michezo sumaku hiyo ni spika kubwa iliyowekwa ubavuni. Isogeze mbali. Kisha izime tele kwa kitufe chake, si kwa rimoti, iache nusu saa, uiwashe: waya wa ndani utaisafisha skrini wakati wa kuwaka. Rudia mara kadhaa kwa siku mbili tatu. Kiangazi, kuanzia Mei, vumbi jekundu hunata kwenye kioo chake kwa nguvu ya umeme tuli na kuipa picha rangi ya kutu, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, tele ikiwa imezimwa. Lakini kifuniko cha nyuma usikifungue kamwe kama hujafundishwa. Ndani mna volti zaidi ya 20,000, na bomba la picha hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ukienda kuinunua, nenda na mashine yako na gemu unayoijua vizuri. Iache iwake robo saa kabla ya kuamua, lakini itazame tangu inapowashwa ikiwa baridi, kwa sababu bomba lililochoka huanza na giza au rangi moja, kisha hujificha likishapata moto, hivyo dakika mbili za kwanza ndizo zinazosema zaidi. Tafuta picha nyeupe, angalia kama kona zina weupe uleule wa katikati. Tazama maandishi madogo pembeni, uone kama nyekundu na bluu zimetengana. Geuza tele uthibitishe kwamba matundu ya njano na nyeupe yapo na hayalegei. Mwisho ulizia rimoti yake, kwani bila hiyo huenda usiweze kubadilisha mfumo wa rangi.